Miwani ya VR itabadilika tena, kuta zetu hazitusubiri

Idd el-Fitri iliyopita mpwa wangu alikuja kutoka Muscat na sanduku jeupe kwapani. Ndani mlikuwa na miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo mtaani tunaiita VR tu: chombo cha plastiki kinachofunika macho yote mawili, chenye mikanda ya kukazia kisogoni na rimoti mbili za mkononi. Nusu saa haikupita, baraza yetu ya Kikwajuni ikajaa. Mmoja anavaa, wengine kumi wanamtazama akipigana na hewa, na mtoto mmoja amekabidhiwa kazi ya kumzuia asijigonge kwenye nguzo.

Mama alikuwa wa mwisho. Ana miaka 74 na hakutaka kuvua ushungi. Mikanda ikawa inateleza juu ya kitambaa, basi mpwa wangu akasimama nyuma yake akiishika miwani kwa mikono miwili muda wote. Nikamwekea Mama picha ya duara ya Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe wa Unguja, iliyopigwa kabla ya Disemba 2020. Akageuza shingo taratibu kutoka upande wa bahari, akaipita mizinga, akafika kwenye mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, jumba la kale lililoporomoka mwezi ule. Akanyamaza.

"Mlango si ule pale," akasema. "Naingiaje?"

Haingii. Ile ni picha ya nje, imepigwa kutoka barabarani, na hata ukiisogelea vipi utaona ukungu wa rangi tu. Nilimweleza hivyo. Akavua miwani, akamrudishia mjukuu wake, akaenda jikoni.

Tangu siku ile nimesoma uchambuzi mwingi kuhusu miwani hii, na karibu wote unauliza swali moja: imekufa, au ndiyo kwanza inakuja? Nina jibu langu nitakalolitoa hapa. Lakini kwetu Unguja na Pemba swali la Mama ndilo kubwa zaidi. Miwani itabadilika umbo mara nyingi kabla haijatulia, na wala hatuna sauti katika hilo. Kinachowekwa ndani yake ndicho kilicho mikononi mwetu, na baadhi ya vitu hivyo vinadondoka kila masika.

Nianze na kifaa. Si kigeni kama kinavyotangazwa. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa tayari ana chombo cha kuvaa kichwani kinachoonyesha michoro ya kompyuta, kizito kiasi cha kuning'inizwa darini. Mwaka 1995 Nintendo walitoa Virtual Boy na kuiondoa sokoni chini ya mwaka mmoja. Wimbi la sasa lilianza 2012, pale kijana Palmer Luckey alipowaomba watu mchango mtandaoni ili atengeneze Oculus Rift, akapata takriban dola milioni 2.4. Miaka miwili baadaye Facebook wakatangaza kuinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2. Rift ya kwanza ya madukani ilitoka 2016 kwa dola 599, nayo ilidai uwe pia na kompyuta yenye nguvu na uvumilie waya mnene uliofungwa kichwani. Mwaka 2019 Quest, ya kampuni hiyohiyo, ikaondoa waya. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani na korona, Quest 2 ikashuka hadi dola 299, na hapo ndipo wengi walipoanza kuamini kwamba mambo yameiva.

Hayakuiva. Kufikia mwanzoni mwa 2023 Quest zote zilizouzwa zilikuwa karibu milioni 20 duniani kote. Kwa mchezo wa watoto ni idadi kubwa. Kwa kifaa kilichoahidiwa kuchukua nafasi ya simu ni tone. Kitengo cha Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, kinachoshughulikia miwani hii kilipata hasara ya dola bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Apple nao wakaingia Februari 2024 na Vision Pro, chombo cha ajabu kweli kwa ung'avu wa picha, kwa dola 3,499, ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi milioni 8. Soko halikuitikia. Microsoft mwaka huohuo wakaacha kutengeneza miwani yao ya HoloLens 2. Wanaoendelea wapo: Samsung walitoa Galaxy XR mwishoni mwa 2025 kwa dola 1,799, Valve, kampuni ya gemu, wakatangaza Steam Frame mwezi uliofuata, na Quest 3S ilitoka 2024 kwa dola 299. Kwa hiyo haijafa. Imekuwa kifaa cha wapenda gemu na cha kazi maalumu, na mimi naamini itabaki hapo kwa miaka mingi.

Sababu yake inajulikana na yeyote aliyewahi kupanda boti ya Pemba wakati wa kusi. Ukiketi ndani, pazia limeshushwa, macho yako yanaona kiti cha mbele kimetulia tuli, huku sikio la ndani, lile linalopima mizani ya mwili, linasema tunapanda na kushuka. Ubongo haujui umwamini nani. Tumbo ndilo linalolipa. Ndiyo maana wazee hukwambia toka nje, tazama mbali, shika ule mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, ili macho na sikio vikubaliane. Miwani ya VR ni boti ileile iliyogeuzwa: macho yanasema unakimbia, sikio linasema umekaa kwenye mkeka.

Mafundi wameshinda nusu ya vita hiyo, na wanastahili sifa. Ukigeuza kichwa, picha inapaswa kukufuata ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, takriban milisekunde 20 au pungufu, na kioo kinabadilisha picha mara 72, 90, hata 120 kwa sekunde. Mpwa wangu aligeuza kichwa huku na huku robo saa nzima bila kisunzi. Lakini alipoingia kwenye mchezo wa kukimbia kwa kusukuma kidole gumba, dakika nne zilitosha; alikaa chini akaomba maji. Kuna na tatizo la pili ambalo halina dawa katika miwani yoyote inayouzwa madukani leo. Kitu kikikusogelea, macho yako hukutana kukifuata, lakini lenzi zimepimwa kwa umbali mmoja usiobadilika. Misuli ya jicho inaamrishwa mambo mawili yanayopingana, na baada ya muda kichwa kinauma. Ongeza uzito, gramu 515 kwa Quest 3, zaidi ya 600 kwa Vision Pro na betri yake bado inaning'inia pembeni kwa waya. Ongeza kaskazi yetu, jasho linashuka, lenzi zinaingia mvuke. Hakuna mtu atakayevaa hiki kitu saa nane kwa siku ili ajibu ujumbe wa mwajiri.

Ndiyo maana pesa inahamia kwenye miwani myepesi isiyoziba macho. Ray-Ban Meta, inayofanana na miwani ya jua ya kawaida lakini ina kamera na spika, iliuzwa jozi milioni 2 kati ya Oktoba 2023 na mwanzoni mwa 2025. Mwaka 2025 ikatoka nyingine yenye kioo kidogo ndani ya lenzi, kwa dola 799. Hii ndiyo itakayofika kwetu kwa wingi kwanza, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwenye harusi zetu za wanawake simu huombwa ziwekwe mbali, na kila mmoja anaelewa kwa nini. Kamera iliyojificha kwenye fremu ya miwani utaiombaje? Jambo hilo linataka makala yake peke yake.

Turudi barazani, kwa sababu pale niliona kitu ambacho sijakikuta katika uchambuzi wa Ulaya na Marekani. Miwani hizi zimebuniwa kwa mtu mmoja, katika chumba kimoja, mwenye akaunti moja. Ukimpa jirani, inalalamika: mipaka ya chumba ichorwe upya, umbali wa lenzi urekebishwe, akaunti si yako. Sponji inayogusa uso ni moja. Mchana ule ilipita nyuso kumi na moja, na ilipofika kwangu ilikuwa na jasho, poda, na mstari mweusi wa wanja wa shangazi. Tulikuwa tunaifuta kwa leso. Hata hivyo watu hawakuchoka mpaka magharibi, na sababu ni moja: mpwa wangu aliunganisha miwani na televisheni ya ukumbini, ikatolewa dirishani, kila anachokiona aliyevaa tukawa tunakiona sisi sote. Mmoja amezibwa macho, kumi wanamwongoza. Bila televisheni ile ingekuwa kifaa cha mtu mmoja aliyekaa kimya katikati ya Sikukuu.

Sisi tumeshapita njia hii. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko nchi nyingi za bara hili, na Mama anasimulia jinsi walivyokuwa wakitazama wamejipanga nje ya dirisha la jirani. Kisha vikaja vibanda vya video, kisha vibanda vya gemu ambako watoto hulipa kwa mechi. Vifaa ghali havikutufikia kama mali ya mtu binafsi. Vilitufikia kama mali ya mtaa, na mwenyewe akarudisha pesa yake kidogo kidogo. Nimepiga hesabu ya VR kwa njia hiyo. Miwani ya dola 299 ni kama shilingi laki saba na nusu, kabla ya gharama ya kuileta. Ukitoza shilingi 2,000 kwa dakika kumi, zamu 375 zinarudisha mtaji. Betri inakaa saa mbili hivi, yaani zamu kumi na mbili kwa chaji moja, basi utahitaji benki ya umeme mfukoni na sponji za kubadilisha zinazooshwa. Kijana mwenye bidii anaweza kuzirudisha pesa hizo katika Sikukuu mbili na wikiendi chache. Hilo ndilo soko la VR ninaloliona Darajani na Chake Chake, na wazazi wahakikishe wadogo hawavai: Meta wenyewe wameweka umri wa chini miaka 10, tena chini ya akaunti ya mzazi.

Lakini kijana huyo atawaonyesha watu nini? Milima ya theluji, papa, uwanja wa mpira wa Uingereza. Vitauzika, sina kinyongo navyo. Ila mwanafunzi wa skuli ya Makunduchi anaweza kuingia kwenye kaburi la Misri ndani ya miwani na asiweze kuingia Beit al-Ajaib, na hilo linaniuma.

Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Siku ya tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Kwa miaka mingi ndani yake mlikuwa na makumbusho, na katikati ya ukumbi wa chini kulisimama mtepe, jahazi la kale lililojengwa upya, mbao zake zimeshonwa kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja. Nilipelekwa pale na skuli. Nakumbuka baridi ya sakafu kwenye nyayo na jinsi sauti zetu zilivyokuwa zikipanda hadi juu kwenye roshani. Hayo yote yangeweza kupimwa kabla ya kuanguka, na kupimwa huko si ndoto. Kanisa la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua Aprili 2019, tayari kulikuwa na vipimo vya leza alivyovichukua mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon miaka kadhaa nyuma, nukta zaidi ya bilioni moja, na waliolijenga upya walivitumia. Karibu na sisi, Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi wenye jina la Kiswahili, Zamani, uliopima kwa leza majengo ya kale barani Afrika, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakiwamo.

Na watu wa kazi hii tunao. Mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha za ramani kwa droni, katika mradi uliohusisha Kamisheni ya Ardhi na Benki ya Dunia, na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwa miongoni mwa waliorusha. Mwaka 2019 mpigapicha Federico Debetto na wenzake walizipiga picha za duara barabara zetu na kuziweka kwenye ramani ya Google, kwa sababu kabla yao Zanzibar haikuwamo. Juu tumeshapigwa, barabarani tumeshapigwa. Ndani ndiko kulikobaki: dari za boriti, ngazi, misikiti midogo, visima.

Najua jibu nitakalopewa, nami naliheshimu: pesa ya vipimo si bora ikanunue chokaa? Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, maji yakiingia juu kuta zinavimba na kupasuka, na picha haizuii maji. Ni kweli. Lakini fundi anayeitwa kuirudishia nyumba roshani iliyoanguka hufanya kazi kwa kukumbuka na kukisia, ilhali angeweza kuwa na kipimo cha kila nakshi. Na gharama imeshuka mno. Simu ya kawaida yenye kamera nzuri, picha mia kadhaa zinazopishana, na programu ya bure kama Meshroom kwenye kompyuta, vinatosha kupata umbo la chumba. Leza ni bora zaidi, lakini tusikae tunaisubiri.

Kuna mambo mawili nayasisitiza. La kwanza, tusiwakabidhi watengenezaji wa miwani kumbukumbu zetu. Google walianzisha mfumo wao wa VR, Daydream, wakauacha 2019. Gear VR ya Samsung ilizimiwa huduma 2020. Oculus Go iliondolewa sokoni mwaka huohuo. Quest ya kwanza ilipewa masasisho ya usalama hadi 2024, basi. Aliyetengeneza safari nzuri ya kihistoria ndani ya duka la mojawapo ya hizo, leo anaitafuta. Picha ghafi na vipimo vihifadhiwe katika fomati zilizo wazi, nakala moja Nyaraka Kilimani, kwenye hifadhi ya kumbukumbu za Zanzibar, nyingine chuoni, na miwani yoyote itakayokuja itachukua kutoka hapo. La pili, nyumba ni za watu. Nyingine ni wakfu, nyingine zina familia sita, na uani kuna wanaokaa bila ushungi. Aombwe mwenyewe, na aseme hiki kipigwe na hiki kiachwe.

Baada ya Idd nilikwenda Pemba na mpwa wangu kabla hajarudi Muscat, tukafika Pujini, penye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale. Tulipiga picha 640 kwa simu yake, kuanzia saa moja asubuhi jua likiwa bado chini. Kompyuta ilifanya kazi usiku kucha Chake Chake. Kilichotoka hakikukamilika: ukuta mmoja una tundu pale jua liliponiingia kwenye kamera, na majani yametoka kama sufi. Ila kisima kilitoka vizuri, na ukuta wake wa katikati unaonekana.

Tuliporudi Kikwajuni tukamvalisha Mama tena, mpwa wangu akishika mikanda nyuma kama kawaida. Akainama mbele kwenye kiti kana kwamba anachungulia. "Ndicho hichi," akasema. "Wakeze wawili hawakutaka kuonana, basi akawagawia kisima. Huyu akiteka kwa ndoo upande huu, yule ana ngazi yake upande wa pili." Watoto wakataka kujua kwa nini hawakutaka kuonana. Mama, macho yamezibwa, akaanza kuwasimulia habari za Mkama Ndume tangu mwanzo, na mpwa wangu akatoa mkono mmoja kwenye mikanda akawasha kinasa sauti cha simu. Ni dakika kumi na moja. Bado hatujui namna ya kuiunganisha sauti na kisima. Anajifunza, ananitumia majaribio kila Ijumaa.